Zabibu Inayopikwa Usiku

Jumatatu, 12 Julai 1999

Kompyuta imefika kutoka Dar kwa treni, imeviringishwa kwa godoro. Denis ameipokea mwenyewe stesheni, hakutaka mpagazi aiguse hata kwa kidole. Kwa nini? Nimemtazama tu.

Huyu Denis ni kijana wa Ihumwa, Mgogo, karudi mwaka jana kutoka Pune, India, alikokwenda kusomea picha za kompyuta. Mpole, anaongea chini chini, shikamoo haikauki mdomoni. Na mimi watu wapole siwaamini. Kimya kingi kina mshindo.

Kazi yenyewe ni tangazo la Bwana Kefa, meneja wa kile kiwanda kipya cha mvinyo cha Makutupora. Anataka kichala cha zabibu kielee hewani, kizunguke, kiyeyuke kiwe mto, mto uingie kwenye chupa. Litaonyeshwa kwenye banda lake la maonyesho ya Nane Nane. Nikamwambia tutapiga zabibu za kweli kwa kamera. Akacheka! Kasema mama, dunia imeshatoka huko. Denis naye akadakia kwamba kwa kompyuta inawezekana.

Nimekubali, nitafanyaje. Harusi zote siku hizi zinakwenda kwa Mustapha, studio ya ng'ambo ya barabara, mwenye kamera mbili na taa za kumemeta. Kazi hii ikiharibika nafunga mlango wa studio yangu, nabaki nyumbani Miyuji nikikaanga maandazi. Nimeandika hivyo ili nikumbuke.

Jumanne, 13 Julai

Denis ameomba ufunguo wa studio. Siku ya pili tu! Ati mashine itafanya kazi usiku kucha na yeye angependa kuichungulia. Nimemjibu ufunguo ni mmoja na unalala chini ya mto wangu. Asubuhi nafungua mimi, jioni nafunga mimi. Kasema sawa mama. Sawa yake ilikuwa nyepesi mno.

Kanieleza kazi inavyokwenda. Kwanza anaiumba zabibu kwa namba, nyaya tupu, mfano wa tenga. Halafu anaiambia kompyuta taa iko upande gani, kamera imesimama wapi. Nikamuuliza, taa ipi? Hakuna taa. Kamera ipi? Hakuna kamera! Kompyuta inahesabu yenyewe, nukta kwa nukta, mwanga ungeanguka vipi kama vingekuwepo. Picha moja inachukua kama nusu saa. Na sekunde moja ya filamu inakula picha ishirini na tano. Yeye anaita kurenda. Mimi naita kupika, maana unatia viungo, unafunika, unangoja.

Mimi nimekata filamu kwa wembe na gundi miaka kumi na minne, shirika la serikali, mpaka walipotupunguza. Najua ninachokijua. Kitu kisichosimama mbele ya lenzi hakipo.

"Jioni usiizime tu, mama," kasema. "Iache ipike."

Vumbi la leo balaa. Upepo wa Julai umeingiza nusu ya barabara ndani. Nina kipande cha pazia la mahameli, rangi ya damu ya mzee, nitaishonea mashine koti. Bitana nitatia nailoni ili vumbi lisipenye. Mashine ya bei ile ikae uchi kama ndoo?

Alhamisi, 15 Julai

Koti limekwisha, nimelitia na ukingo wa kufuma kwa mkono. Limekaa! Mgongoni mpaka chini, halina hata upenyo. Jana jioni nimeivalisha nilipofunga, asubuhi nimelivua nikalikunja kwenye kabati kabla Denis hajaja, kama tunavyofanya na vitambaa vya redio na televisheni. Hata redio ya marehemu baba ilikuwa na nguo yake, ikaishi miaka mingi kuliko yeye.

Leo Denis, huku mashine ikianza kupika, kanipa hadithi. Ati mambo haya yalianza chuo kimoja Marekani, kwenye nchi ya jangwa na ziwa la chumvi, zama zile sisi tukiimba Azimio. Watu wakaketi kuifundisha mashine kupaka vivuli. Mfaransa mmoja akamchora mkewe mistari usoni ili apate vipimo, akabuni njia ya kulainisha rangi sura isiwe na pembepembe. Kisha Mvietinamu akaongeza ule mng'ao, kile kidoa cheupe kinachokaa juu ya kitu kinachoteleza. Akafa bado kijana. Denis alipofika hapo alishusha sauti kama anataja ndugu yake.

Halafu birika! Bwana mmoja alikosa kitu cha kuchora, mkewe akamwambia si uchore hili birika la chai lililo mezani. Akalichora. Mpaka leo dunia nzima, mtu akitunga programu mpya ya kupika picha, anaijaribu kwa birika lile lile.

Birika. Wazungu wenye akili zote hizo, na pesa zote hizo, wakae na birika? Huyu kijana ananiona mimi mshamba. Nimecheka ili asijue nimeshtuka.

Ijumaa, 16 Julai

Imeganda. Nimefungua asubuhi, nikavua koti, kioo kimesimama kwenye picha moja, kipanya hakiendi mbele wala nyuma. Denis alipokuja akakuna kichwa, akaizima, akaiwasha, ikaendelea. Mchana kutwa imepika vizuri, yeye kakaa pembeni yake.

Nimeuliza programu ameitoa wapi. Kasema ni ya bure. Watu wa nchi mbalimbali wameiandika kwa kupokezana, huyu kipande hiki, yule kipande kile, wakaiachia walimwengu. Bure? Mtu atoe jasho la miaka halafu aseme chukueni? Hapa pana namna. Rahisi ghali, waliosema hawakuwa wajinga.

Jumatatu, 19 Julai

Imeganda tena. Nimeikuta hivyo Jumamosi, na leo tena.

Nilipovua koti lilikuwa na joto, kama kitanda alichotoka mtoto. Nikafurahi angalau haikupigwa na baridi, maana usiku wa Dodoma mwezi huu unauma mifupa. Lakini kazi haikwenda. Bwana Kefa kapiga simu anataka kuona. Nikamwambia inaiva.

Denis kailetea mashine kichala kimoja cha kweli kutoka Makutupora, cha mapema, bado kigumu. Akashika zabibu moja dirishani, anaigeuza, anaigeuza. Nikamuuliza unaiogopa? Kasema mama, tazama, mwanga hauishii kwenye ganda. Unaingia ndani, unazunguka, unatoka upande wa pili umebadilika rangi. Nikatazama. Kweli. Miaka yote ninakula zabibu na sikuwahi kuona.

Halafu akaila.

Kanieleza pia habari za California. Mkurugenzi mmoja wa filamu alikuwa na kikosi cha watu wa kompyuta, akakiuza mwaka themanini na sita, walionunuliwa wakaendelea kuandika programu yao ya kupika, na miaka michache iliyopita wametoa filamu nzima isiyo na mtu hata mmoja mbele ya kamera. Wana chumba chenye mashine zaidi ya mia, zote zinapika, usiku na mchana. Wanakiita shamba. Shamba! Nikamwambia basi sisi tuna tuta moja la mchicha. Tumecheka sana wote wawili. Kasema chumba hicho kina baridi kama mochwari, viyoyozi havizimwi. Kompyuta inapepewa, na mimi nazeeka na kipepeo cha ukili cha kujipepea!

Nilicheka naye, lakini nikitazama macho yake. Kwa nini mchana akiwa amekaa hapo inapika, usiku inaganda?

Jumatano, 21 Julai

Nimewaona! Denis na Mustapha, mkahawani, vichwa vimekaribiana, chai mbili mezani. Denis anaeleza kwa mikono, Mustapha anatikisa kichwa, anakataa, Denis anazidi kubembeleza. Nimepita kama sijaona.

Jioni nikamuuliza kwa mbali, leo ulikunywa chai wapi? Kasema hapo tu, mama. Hapo tu! Hakumtaja Mustapha. Mtu msafi hutaja.

Na asubuhi mashine ilikuwa imeganda tena, bila shaka.

Nimefikiri njia nzima mpaka Miyuji. Picha imenijia yote. Kazi inaharibika mikononi mwangu, Bwana Kefa anachoka, Denis anahamia ng'ambo ya barabara na zabibu zake. Anaweza kuipa mashine amri kabla hajaondoka: ikifika saa fulani, simama. Mimi nitajuaje? Yeye ndiye anayeijua.

Jumamosi, 24 Julai

Denis ameitwa ghafla Ihumwa, mama yake kapandisha presha. Kaondoka mchana mbio, hata daftari lake kaacha. Mashine kaiacha inapika. "Usiizime, mama!" tena akiwa mlangoni. Nimempa pole na nauli, kwa maana ugonjwa ni ugonjwa, hata kama una mashaka na mtu.

Jioni nimelibeba koti kwenda nalo nyumbani nikalifue, lilikuwa limeshika vumbi mpaka ukingo mweupe umekuwa kahawia. Mahameli haikauki haraka. Nimelianika.

Jumatatu, 26 Julai

Imepika!

Nimefungua asubuhi na koti langu safi kwapani, nikakuta mashine inaunguruma, haijasimama tangu Jumamosi. Picha zimejaa. Nimezipitisha moja moja. Kichala kinageuka, na mwanga unaingia kwenye kila zabibu na kutoka upande wa pili, vile vile kama dirishani. Nimekaa chini. Machozi yamenitoka, sikatai. Hakuna zabibu pale. Haikuwahi kuwepo. Na bado mate yamenijaa mdomoni.

Halafu akili ikarudi. Siku mbili, usiku na mchana, haikuganda. Kitu gani hakikuwepo siku hizo mbili? Denis. Kaondoka mbio, hakupata nafasi ya kuitegea mtego. Nini tena? Sihitaji shahidi mwingine.

Alipokuja saa nne akapiga makofi kama mtoto. Kasema labda umeme umetulia. Umeme! Nimemwambia eeh, labda.

Jumanne, 27 Julai

Denis karudi kazini jana, na usiku imeganda. Niseme nini zaidi?

Ijumaa, 30 Julai

Leo nimesema.

Wiki nzima usiku imeganda. Bwana Kefa anakuja Jumatatu saa nne kuona kazi iliyokamilika, akikosa anakwenda kwingine. Nikamkalisha Denis. Nikamwambia wewe usipokuwepo inapika, ukiwepo inaganda, na nimekuona na Mustapha, usinifanye mtoto.

Hakupandisha sauti. Ningependa apandishe. Kasema, mama, hilo neno ni zito. Nikamwambia zito ndiyo, libebe. Kasema kwa Mustapha alikwenda kwa ajili ya kazi hii hii. Nikamwambia kazi ipi, ya kunizika? Akainama akatazama mikono yake. Kisha akasema kama huniamini nitaondoka, lakini niache niiwashe mara ya mwisho, zimebaki picha za mdomo wa chupa tu, mpaka Jumapili zitakuwa tayari. Akaiwasha. Akaeleza pole pole niguse kitufe gani Jumatatu ili Bwana Kefa aone. Akaniaga vizuri. Hata diski zake kasahau.

Nikampigia simu Bwana Kefa, nikamwambia fundi alikuwa anatuhujumu, nimeshamfukuza. Bwana Kefa kashangaa. Kasema alikuwa na nia ya kumchukua kijana yule awatengenezee matangazo mwaka mzima, sasa basi, asikanyage kiwandani. Na atawaambia wenzake.

Hilo la wenzake sikuliomba. Lakini sikulikataa.

Upepo leo unalia kwenye mabati. Nimeivalisha koti, na juu yake nimeongeza shuka zito. Picha zilizobaki ni zangu mwenyewe sasa, hakuna wa kunitegea mtego. Kesho sifungui, naenda kwenye harusi ya mtoto wa jirani, harusi itakayopigwa picha na Mustapha.

Jumapili, 1 Agosti

Nimepita studio baada ya misa.

Imeganda. Denis yuko Ihumwa, ufunguo ninao mimi, na imeganda.

Nikatoa shuka. Nikaingiza mkono chini ya koti na nikautoa haraka, moto kama pasi. Harufu ya nailoni. Kule mgongoni bitana imeyeyuka, imegandamana na matundu ya chuma. Matundu yale nilidhani ni urembo. Nyuma yake kuna kifeni kidogo, kidogo kama sahani ya kikombe, kimenyamaza. Mashine inapumulia pale! Nami kila jioni nimekuwa nikiiziba pua kwa mahameli.

Chumba chenye baridi kama mochwari. Aliniambia. Nikacheka.

Na ile Jumamosi nyingine. Denis hakuwepo, ni kweli. Na koti halikuwepo, lilikuwa kambani Miyuji.

Uuuwi, Generosa. Asubuhi unavua, unakunja, unaficha kabatini, halafu kijana wa watu anakuja anakuna kichwa. Ufunguo ungempa siku ile ya pili angeliona koti usiku wa kwanza.

Nimemtuma mtu anayekwenda Ihumwa, amwambie Denis aje kesho mapema, mashine mbovu. Nilitaka kuongeza neno. Mtu akasimama anangoja, mguu kwenye baiskeli. Nikasema ni hayo tu.

Jumatatu, 2 Agosti

Mustapha kabisha hodi kabla ya saa mbili, kabeba kitu kizito kimefungwa gunia. Stebilaiza, ile ya kutuliza umeme. Kasema Denis alimbembeleza wiki nzima amwazime, akihisi umeme wa mtaa huu unacheza na ndiyo unaogandisha kazi ya mama. Mwanzoni alikataa, biashara ni biashara. Lakini kijana hakukoma. Akaniuliza yuko wapi? Nikasema anakuja. Kaiweka chini, kaniangalia usoni, kaniambia una bahati dada, mimi sijapata kijana wa namna ile. Akavuka barabara akaenda zake.

Saa tatu Denis akaja. Na shikamoo! Baada ya yote. Nilikuwa nimelishika koti mkononi, nilikuwa nimepanga kumwonyesha kabla hajakaa. Nilipanga na maneno. Alipoinama mlangoni kuvua kofia nikaliweka kwenye kiti, na nikalikalia.

Sijui nilifanyaje. Makalio yaliamua.

Sasa naandika hapa ili nionekane nina kazi. Ameuona mzigo wa Mustapha, akatabasamu peke yake. Hakuniambia unaona. Amefungua sanduku la kompyuta kwa bisibisi, anapuliza vumbi, anakizungusha kifeni kwa ncha ya kidole. Kinazunguka. Kasema mama, haijafa, ilizidiwa joto tu. Picha za chupa zimebaki chache sana, zikipikwa leo na kesho, Nane Nane tunafika. Anasema tunafika. Sisi.

Ameinama karibu zaidi.

Ametumia kibanio, ametoa kitu kwenye matundu ya nyuma. Anakitazama kwenye mwanga wa dirisha, anakigeuza, vile alivyofanya na zabibu. Manyoya ya kitambaa, rangi ya damu ya mzee, na kipande cha nailoni kilichoyeyuka.

"Mama," kasema, pole pole, "usiku huwa kuna mtu anaifunika?"

Nimesema ngoja kidogo nimalize kuandika hesabu.

Anangoja. Hana haraka. Nadhani anajua. Sijui kama anajua. Kwenye kiganja chake nyuzi zile zimelala, na kwenye ukingo wa kiti changu, nikitazama chini, naona ule ukingo mweupe wa koti umetokeza kidogo. Nimeuvuta ndani kwa kisigino.

Gari limesimama nje. Mlango wa gari. Sauti ya Bwana Kefa anamsalimia mtu. Akimkuta Denis humu atamfukuza mbele yangu, kwa neno nililompa mimi. Na mgeni wa heshima hapokelewi umekaa, hata mtoto mdogo anajua hilo. Nikisimama, koti hili hapa.

"Hodi humu ndani!"

Denis amesema karibu. Amegeuka ananitazama, nyuzi bado ziko mkononi. Bwana Kefa yuko kizingitini.

Mimi bado nimekaa.